Kupunguza upotevu wa nishati katika kutengeneza mafuta kutoka kwa methanoli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Methanoli ni pombe nyepesi ya kiwandani, inayotengenezwa kwa gesi asilia au kwa kaboni dioksidi na haidrojeni. Maswali haya yanarudiwa na wanafunzi wa uhandisi, wenye mitambo midogo ya biodizeli, na watu wanaosikia habari za "petroli isiyotoka kisimani" wakataka kujua kama hesabu zake zinakubali. Kila jibu linasimama peke yake. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika. Nishati ya mafuta imepimwa kwa megajuli (MJ), na isipotajwa vinginevyo ni thamani ya chini ya joto, yaani ile isiyohesabu joto lililobaki kwenye mvuke wa maji baada ya kuungua.

## Mambo ya msingi

1. Ni mafuta gani hasa yanayotengenezwa kutoka kwa methanoli?

Manne ndiyo yanayotajwa zaidi. La kwanza ni petroli: mvuke wa methanoli hupitishwa kwenye zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo mno) iitwayo ZSM-5, ambayo watafiti wa kampuni ya Mobil walitambua katika miaka ya 1970 kwamba inaunganisha methanoli kuwa hidrokaboni za ukubwa wa petroli. La pili ni dimethili etha, au DME, gesi inayogeuka kimiminika kwa shinikizo dogo kama gesi ya kupikia na inayowaka vizuri ndani ya injini ya dizeli. La tatu ni biodizeli. Hapa methanoli ni mshirika mdogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya nishati inatoka kwenye mafuta ya mimea au ya wanyama. La nne ni haidrojeni, inayopatikana kwa kupasha methanoli pamoja na maji.

Kuna pia mafuta ya ndege (swali la 11) na MTBE, kiungo kinachoongezwa kwenye petroli ili kuinua oktani, yaani uwezo wake wa kutolipuka mapema injinini.

2. Ufanisi wa nishati unahesabiwaje? Kila mtu anatoa namba yake.

Ni nishati iliyomo kwenye bidhaa ukigawanya kwa nishati yote iliyoingia. Ugomvi unazuka kwenye neno "yote". Anayeanza kuhesabu methanoli ikiwa tayari kwenye tangi atapata asilimia 90 na zaidi. Anayeanza na gesi asilia atapata kama 60 na kitu. Anayeanza na umeme na kaboni dioksidi atapata nusu au chini ya hapo. Wote watatu wanasema kweli, ila hawazungumzii kitu kimoja.

Mtego mwingine ni thamani ya joto. Kilo moja ya methanoli ina MJ 19.9 kwa thamani ya chini na MJ 22.7 kwa thamani ya juu. Ukichukua thamani ya chini kwa kinachoingia na ya juu kwa kinachotoka, umejipa zaidi ya asilimia kumi bila kugusa hata vali moja. Kabla hujabishana na mtu kuhusu ufanisi, muulize amepiga mstari wapi na ametumia thamani ipi.

3. Kwa nini tuigeuze? Si tuichome methanoli yenyewe?

Hili ni swali zuri kuliko mengi yanayofuata, na mara nyingi jibu lake ni: ndiyo, ichome yenyewe. Hakuna hatua ya kiwandani yenye ufanisi kuliko ile ambayo hukuifanya. Meli zimeonyesha njia. Feri Stena Germanica ilianza kutumia methanoli mwaka 2015, na mwaka 2023 Maersk ilizindua meli ya makontena, Laura Mærsk, inayoweza kutumia mafuta hayo. Chombo kikubwa chenye injini iliyoundwa kwa kazi hiyo hakina sababu ya kudai petroli.

Sababu ya kugeuza hutokea pale injini, matangi na vituo vya mafuta vilivyopo havitabadilishwa karibuni. Methanoli ina nishati chini ya nusu ya petroli kwa uzito, inashambulia baadhi ya metali na mipira, na ni sumu. Ndege haziwezi kubeba uzito huo. Kwa hiyo swali la ufanisi wa kugeuza lina maana, ila lije baada ya kuuliza kama kugeuza kunahitajika.

4. Nishati hupotelea wapi zaidi?

Wengi hudhani hupotelea kwenye mmenyuko wenyewe, ndani ya kinu. Mara nyingi sivyo. Ukitoa haidrojeni, mimenyuko inayogeuza methanoli kuwa mafuta inatoa joto yenyewe au inahitaji kidogo tu. Hasara kubwa ziko sehemu tatu: kuyatenga maji na methanoli kwa kuchemsha, kuzungusha gesi kwa kompresa, na joto la kiwango cha chini linalomwagwa kwenye minara ya kupozea kwa kuwa hakuna aliyelitafutia kazi.

Maji ndiyo mhalifu mkuu. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunakula MJ 2.26, kilo moja ya methanoli inakula MJ 1.1 hivi. Kila mara unapochemsha kitu ili ukipoze tena, joto hilo umelilipia. Ukitaka kujua mtambo unapoteza wapi, fuata maji yake yanakoingia, yanakochemshwa na yanakotoka.

## Methanoli kabla haijawa mafuta

5. Kutengeneza methanoli kwenyewe kunakula nishati kiasi gani?

Kwa gesi asilia, mtambo mzuri wa kisasa unatumia takriban MJ 28,000 hadi 31,000 kwa tani, wakati tani hiyo ina MJ 19,900. Maana yake theluthi ya nishati imeshapotea kabla methanoli haijafika kwenye hatua tunayoijadili. Tumetoka mbali hata hivyo. Mtambo wa kwanza mkubwa, wa BASF huko Leuna, Ujerumani, mwaka 1923, ulifanya kazi kwa shinikizo la baa 250 na zaidi (baa moja inakaribia shinikizo la hewa ya kawaida). Katika miaka ya 1960 kampuni ya Uingereza ya ICI ilileta kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila kuisha chenyewe) cha shaba na oksidi ya zinki kinachotosheka na baa 50 hadi 100 na nyuzi joto 200 hadi 300 za Selsiasi. Kushuka kwa shinikizo ndiko kulikopunguza gharama ya kushindilia gesi.

Kwa umeme hesabu ni nyingine. Tani moja ya methanoli kutoka kwa kaboni dioksidi inahitaji karibu kilo 190 za haidrojeni. Vifaa vya kutenganisha maji kwa umeme vinatumia kama kWh 50 hadi 55 kwa kilo moja ya haidrojeni, hivyo tunazungumzia karibu MWh 10 kwa tani, wakati methanoli inayopatikana ina MWh 5.5 tu. Kompresa na ukamataji wa kaboni dioksidi bado havijaguswa. Ukiokoa kWh 1 kwenye kila kilo ya haidrojeni, umeokoa kWh 190 kwa tani ya methanoli. Kwa mtambo wa aina hii anza hapo. Kuhangaika na kihami joto cha bomba wakati kifaa cha kutenganishia maji kimezeeka ni kufukuza panya nyumba ikiungua.

6. Joto linalotoka kwenye kinu cha methanoli linaweza kufanya kazi gani?

Kazi nyingi, kwa sababu linatoka kwenye nyuzi 250 hivi, kiwango kinachotosha kutengeneza mvuke wa shinikizo la kati. Njia ya kaboni dioksidi inatoa kilojuli 49.5 kwa kila moli (kipimo cha idadi ya molekuli) ya methanoli, sawa na MJ 1.5 kwa kilo. Njia ya kaboni monoksidi inatoa kilojuli 90 hivi kwa moli.

Watu husema joto hilo litatosha kuendesha ukamataji wa kaboni dioksidi kwa maji ya amini, kemikali inayoshika gesi hiyo na kuiachia ikipashwa. Tupige hesabu. Kilo moja ya methanoli inahitaji kilo 1.4 za kaboni dioksidi, na kuchemsha amini ili iachie kilo moja ya gesi hiyo kunakula MJ 3 hadi 4. Jumla inakaribia MJ 5, na kinu kinatoa 1.5. Unapata kama theluthi, ambayo si haba, lakini kiwanda hakijilishi chenyewe.

Matumizi ninayoyapenda zaidi ni kuupeleka mvuke huo kwenye vifaa vya kutenganisha maji vinavyofanya kazi kwa joto kali, vile vya oksidi ngumu. Vifaa hivyo vinapokea mvuke badala ya maji, kwa hiyo umeme haubebi mzigo wa kuyachemsha, na matumizi yake yanaweza kushuka hadi karibu kWh 40 kwa kilo ya haidrojeni. Tatizo lake ni uhai wa seli, ambazo huchoka mapema kuliko za aina ya kawaida.

7. Ni lazima methanoli isafishwe kabisa kabla ya kugeuzwa?

Inategemea inakwenda wapi, na hapa ndipo pesa nyingi hutupwa bila sababu. Methanoli ghafi hutoka kinuni ikiwa na maji. Njia ya kaboni dioksidi inatoa moli moja ya maji kwa kila moli ya methanoli, yaani zaidi ya theluthi ya uzito wote.

Petroli na DME zinavumilia methanoli ghafi, kwa kuwa mimenyuko yake yenyewe inatoa maji. Kuyaondoa yote kwanza, kisha kuyatengeneza mengine kinuni na kuyaondoa tena, ni kufanya kazi ileile mara mbili. Kwa DME kuna mpaka, kwa kuwa maji mengi yanarudisha mmenyuko nyuma, lakini kuondoa sehemu tu kunatosha. Kwa biodizeli ni kinyume: maji ni adui na methanoli lazima iwe kavu (swali la 13). Ukinunua methanoli ya kiwango cha maabara kwa ajili ya kuichoma au kutengeneza petroli, umemlipa mtu mwingine nishati ya kukeneka (kutenga vimiminika kwa kuvichemsha na kuupoza mvuke wake) usiyoihitaji.

## Petroli, DME na mafuta ya ndege

8. Tani moja ya methanoli inatoa chini ya nusu tani ya petroli. Je, nusu nzima imepotea?

Hapana. Kilichoondoka ni maji. Kati ya kilo 32 za methanoli, kilo 14 hubaki kama hidrokaboni na 18 huwa maji, yaani asilimia 44 kwa 56. Lakini maji hayo hayana nishati ya kuchoma. Kilo 0.44 za hidrokaboni zina takriban MJ 19, na methanoli iliyoingia ilikuwa na 19.9. Kwa uzito umepungukiwa zaidi ya nusu. Kwa nishati umepungukiwa asilimia chache. Mtu akikuonyesha hesabu za mafuta kwa uzito peke yake, mrudishe kwenye megajuli.

Kiutendaji si hidrokaboni zote zinaangukia kwenye petroli. Sehemu fulani inatoka kama gesi nyepesi, na hiyo ichomwe kwenye boila ya mtambo au iuzwe kama gesi ya kupikia, isiishie kwenye mwenge wa kuchomea gesi ya ziada.

9. Joto la mmenyuko wa petroli linadhibitiwaje, na linaweza kuokolewa?

Hapa ndipo penye uhondo wa kihandisi. Mmenyuko mzima unatoa takriban MJ 1.7 kwa kila kilo ya methanoli. Ukiuacha ujiendee wenyewe, joto linaweza kupanda kwa mamia ya nyuzi na kuua kichocheo. Suluhisho la kwanza ni kuugawa. Kinu cha kwanza, chenye kichocheo cha alumina (oksidi ya alumini), kinageuza sehemu kubwa ya methanoli kuwa DME na kuachia kama sehemu ya tano ya joto lote. Kinu cha pili, chenye ZSM-5, kinamalizia.

Suluhisho la pili ni kurudisha gesi nyingi iliyopoa ili ibebe joto. Linafanya kazi, lakini kuna gharama iliyojificha: gesi hiyo ni mara kadhaa ya malisho mapya, na kompresa inaisukuma mchana na usiku. Hasara ya shinikizo kwenye kitanda cha kichocheo, mabomba na vibadilisha joto inageuka moja kwa moja kuwa bili ya umeme. Kwa mtambo wa aina hii, kusafisha kibadilisha joto kilichoziba kunaweza kuokoa zaidi ya kununua mota mpya.

Sasa linganisha. Kuichukua methanoli kutoka kimiminika baridi hadi mvuke wa nyuzi 300 kunahitaji takriban MJ 1.6 kwa kilo, na mmenyuko unatoa 1.7. Hesabu zinakaribia kusawazika. Ukipanga vibadilisha joto ili kinachotoka kinuni kiwe ndicho kinachochemsha kinachoingia, tanuri la kupashia linabaki kuwa la kuwashia mtambo tu. Ukiona tanuri linawaka mwaka mzima, kuna joto linatoroka mahali.

Njia nyingine ni kukitoa kichocheo kwenye kitanda kilichotulia na kukiacha kielee ndani ya gesi, huku mabomba ya maji yakipita katikati yake na kutoa mvuke. Hapo mzunguko mkubwa wa gesi hauhitajiki, na kichocheo kinaweza kuchotwa na kuchomwa masizi bila kusimamisha kazi. Gharama yake ni ujenzi mgumu na kichocheo kinachosagika.

Mfano mkubwa wa kwanza ulikuwa Motunui, Nyuzilandi, uliofunguliwa mwaka 1985 kutoa mapipa 14,500 hivi ya petroli kwa siku kutokana na gesi asilia. Petroli ilisimamishwa katika miaka ya 1990 wakati mafuta ghafi yalikuwa rahisi, na methanoli ikaendelea kuuzwa yenyewe. Teknolojia haikushindwa, ni soko lililosema hatua ya mwisho hailipi. Kusini kabisa mwa Chile, mtambo wa majaribio wa Haru Oni ulianza mwishoni mwa 2022 kutoa petroli kwa njia hiyo hiyo, safari hii methanoli ikitokana na umeme wa upepo.

10. Je, DME ina ufanisi zaidi kuliko petroli?

Kwa upande wa kiwanda, ndiyo, kwa sababu kazi ni ndogo. Molekuli mbili za methanoli zinaungana na kuachia molekuli moja ya maji badala ya mbili. Tani moja ya methanoli inatoa kilo 720 hivi za DME, na karibu nishati yote inabaki ndani yake. Mmenyuko unatoa joto kidogo, kwa hiyo kinu hakihitaji mzunguko mkubwa wa gesi.

Gharama iko kwenye kutenganisha. Mmenyuko haumaliziki, sehemu ya methanoli inabaki na lazima itengwe na maji ili irudishwe kinuni. Dawa inayosifiwa, kwa haki, ni kuweka kichocheo ndani ya mnara wa kukenekea. DME, inayochemka kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri kwa shinikizo la kawaida, inapanda juu mara tu inapozaliwa, maji yanashuka, methanoli inabaki katikati ikiendelea kugeuka, na joto la mmenyuko linasaidia kuchemsha. Vifaa viwili vinakuwa kimoja. Masharti ni kwamba kichocheo kifanye kazi kwenye joto la mnara, ambalo ni la chini kuliko lile ambalo alumina inalipenda, ndiyo maana resini za asidi hutumika badala yake.

11. Na mafuta ya ndege?

Njia yake ni ndefu: methanoli kuwa olefini (hidrokaboni fupi zinazoungana kwa urahisi), olefini kuunganishwa kuwa minyororo mirefu, kisha kuongezewa haidrojeni. Hatua zote tatu zinatoa joto, na kwa viwango tofauti. Nafasi ya kuokoa ni kubwa kuliko kwenye petroli, mradi hatua hizo zibuniwe pamoja. Zikinunuliwa kwa wauzaji watatu tofauti, kila mmoja na mnara wake wa kupozea, nafasi hiyo inakufa kwenye karatasi ya mkataba.

## Biodizeli

12. Naambiwa nitumie methanoli maradufu ya inayohitajika. Iliyobaki niifanyeje?

Irudishe, bila mjadala. Kilo 100 za mafuta zinahitaji kilo 11 hivi za methanoli kimahesabu, lakini mmenyuko unasukumwa kwa kuweka 22 au karibu. Kilo 11 za ziada zina MJ 220, kama asilimia 6 ya nishati iliyomo kwenye biodizeli utakayopata. Ukihesabu na gesi iliyotumika kuitengeneza, inapita MJ 300. Kuirudisha kwa kuchemsha kunagharimu MJ 12 za joto la mvukizo, na hata ukizidisha mara mbili kwa ajili ya uzembe wa mtambo, ni 25. Hakuna uwekezaji kiwandani humo unaolipa hivyo.

Mambo mawili huwakwaza watu. Kwanza, sehemu kubwa ya ziada hiyo imekaa kwenye gliserini, kimiminika kizito kinachotoka pamoja na biodizeli, si kwenye biodizeli yenyewe; anayechemsha biodizeli peke yake anaokota makombo. Pili, ukiifukuza methanoli wakati kichocheo bado kiko hai na gliserini bado imo, mmenyuko unaanza kurudi nyuma. Tenganisha kwanza, au ua kichocheo kwa asidi, ndipo uchemshe.

13. Je, kuosha biodizeli kwa maji kunapoteza nishati?

Kunapoteza mara mbili. Methanoli inahamia kwenye maji ya kuoshea, ambako kuikamua ni ghali kwa sababu imekuwa hafifu mno, na biodizeli yenyewe inatoka ikiwa na unyevu unaohitaji kupashwa ili ukauke. Ukiondoa methanoli kabla ya kuosha, hasara ya kwanza inapungua sana. Resini au unga wa silika wa kunyonya uchafu vinaweza kuchukua nafasi ya maji kabisa, lakini fuatilia kiwango: kipimo cha Ulaya EN 14214 hakiruhusu methanoli zaidi ya asilimia 0.20 kwenye biodizeli.

Chanzo cha kuosha kwingi huwa ni sabuni, na sabuni hutokana na asidi huru za mafuta pamoja na maji. Mafuta yaliyokwisha kukaangiwa yakaushwe na yapimwe asidi kabla ya kuguswa na kichocheo. Dakika kumi za kupima zinaokoa saa nyingi za kuosha.

14. Mtambo wangu ni mdogo. Lipi linawezekana bila mashine za bei mbaya?

Tumia biodizeli inayotoka ikiwa moto kupasha mafuta yanayoingia. Kibadilisha joto cha mabamba kinatosha. Usipandishe joto kupita nyuzi 60 hivi bila sababu, maana methanoli inachemka kwenye 64.7. Funika matangi kwa kihami joto. Na koroga vizuri zaidi badala ya kupasha zaidi: mafuta na methanoli havichanganyiki kwa hiari, na mwanzoni kinachochelewesha ni mgusano wake.

## Kukeneka na vichocheo

15. Mnara wa kukenekea unaweza kupunguziwa mvuke kiasi gani?

Angalia kwanza kiasi kinachorudishwa kutoka juu ya mnara. Ukirudisha kilo moja kwa kila kilo unayotoa, unachemsha methanoli ileile mara mbili, MJ 2.2 kwa kilo, ambazo ni asilimia 11 ya nishati iliyomo ndani yake. Waendeshaji wengi hurudisha zaidi ya inavyohitajika ili walale usingizi. Kipima usafi kinachofanya kazi muda wote kinawaruhusu kupunguza bila hofu.

Hatua kubwa zaidi ni kutumia minara miwili kwa shinikizo tofauti. Mmoja unafanya kazi kwa baa 7 hivi, ambako mvuke wa methanoli unarudi kuwa kimiminika kwenye nyuzi 120 na kitu. Joto hilo linatosha kuchemsha chini ya mnara wa pili unaofanya kazi kwa shinikizo la kawaida. Joto limetumika mara mbili. Kinadharia unaokoa karibu nusu. Kiuhalisia ni pungufu, lakini viwanda vikubwa vya methanoli vilishazoea mpango huu.

Kushusha shinikizo chini ya la kawaida nako kunasaidia ukiwa na maji moto ya bure, kwa kuwa mnara utachemka kwa joto dogo. Ila juu yake utahitaji maji baridi zaidi ya kurudisha mvuke kuwa kimiminika, na msimu wa joto huwa ndio unaotoa hukumu.

16. Vipi kuhusu kushindilia mvuke wa juu na kuutumia kuchemshia chini?

Ni pampu ya joto. Kati ya methanoli juu (nyuzi 65) na maji chini (nyuzi 100), ukiongeza nafasi ya vibadilisha joto, unainua joto kwa nyuzi 45 hivi. Kipimo kimoja cha umeme kinaweza kuleta vipimo vinne vya joto.

Kama umeme wako unatoka kwenye maji au upepo, ni faida ya wazi. Kama unatoka kwenye mtambo wa kuchoma mafuta wenye ufanisi wa asilimia 40, vile vinne vinakuwa 1.6 tu vya mafuta ya awali. Bado ni faida, lakini nyembamba, na kompresa inahitaji matengenezo. Njia ya swali la 15 huenda ikakushinda kwa urahisi wake.

17. Kichocheo kinahusiana vipi na nishati?

Kikichoka, waendeshaji hupandisha joto ili kufidia, na joto likipanda mazao ya pembeni yanaongezeka. Kwenye ZSM-5 adui ni masizi yanayoziba vitundu, na huchomwa kwa hewa kwenye nyuzi 500 hivi. Joto la uchomaji huo lielekezwe kwenye boila. Kwenye kichocheo cha shaba cha kutengenezea methanoli (swali la 5) adui ni salfa na joto kupita kiasi: chembe zake zikishaungana hazirudi kuwa ndogo.

Petroli ya methanoli ina tabia moja ya ajabu. Inabeba durini, hidrokaboni inayoganda chini ya nyuzi 79 na inayoweza kuziba kabureta. Kuiondoa kunahitaji hatua nzima yenye haidrojeni, kwa hiyo kichocheo kinachotoa durini kidogo kinaokoa nishati mahali ambapo huenda hukutarajia.

## Hali za pembeni

18. Nimesoma kwamba haidrojeni ya methanoli ina ufanisi wa asilimia 114. Inawezekanaje?

Ni hesabu iliyosahau mlango mmoja. Moli moja ya methanoli ina kilojuli 638. Moli tatu za haidrojeni zinazotoka zina 726. Tofauti imetoka kwenye joto ulilotia, kwa kuwa huu ni mmenyuko unaofyonza joto, tena maji na methanoli lazima vigeuzwe mvuke kwanza. Ukiliingiza joto hilo kwenye hesabu, namba inarudi chini ya 100.

Ndani ya kosa hilo kuna wazo zuri, hata hivyo. Mmenyuko unahitaji nyuzi 250 tu, na moshi wa injini au wa jenereta unaotoka ukiwa moto kuliko hapo unaweza kuulisha. Joto lililokuwa linakwenda angani linaingia ndani ya haidrojeni.

19. Umeme wa jua na upepo unapandashuka. Mtambo ufanyeje?

Usiwashe na kuzima kila siku. Kila kuwasha kunakula joto la kupasha chuma kizito na kunachosha kichocheo. Hifadhi haidrojeni ya saa chache, au acha methanoli ghafi iwe ndiyo ghala, kwa kuwa kuihifadhi ni rahisi mno: tangi la kawaida linatosha. Hatua ya kugeuza kuwa petroli au DME iendeshwe polepole bila kukatika, ikinywa kutoka kwenye tangi hilo. Kiwanda cha George Olah huko Aisilandi, kilichoanza kazi mwaka 2012, kilikwepa tatizo hili kwa kukaa karibu na mtambo wa jotoardhi, ambao haujali mawingu.

20. Nina mtambo wa zamani. Nianzie wapi?

Pima kabla ya kununua. Andika kila mkondo unaopashwa na kila unaopozwa, pamoja na joto lake la kuanzia na la kumalizia. Ukivipanga kwenye mchoro mmoja, utaona ni joto kiasi gani lingeweza kuhamishwa ndani kwa ndani. Mbinu hii ilikomaa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kazi za watu kama Bodo Linnhoff, na sheria yake kuu ni moja: kuna kiwango cha joto ambacho juu yake usipoze kwa maji na chini yake usipashe kwa mvuke. Mitambo mingi ya zamani inavunja sheria hiyo mahali zaidi ya pamoja.

Baada ya hapo angalia mitego ya mvuke (vali zinazotoa maji kwenye mabomba ya mvuke bila kuachia mvuke) inayovuja, kisha gesi inayotolewa nje ya mzunguko: ina haidrojeni na inaweza kuchomwa boilani au kuchujwa. Kompresa iwe ya tatu.

21. Je, kubana nishati kunaweza kuongeza hatari?

Kunaweza. Kila kibadilisha joto kipya ni ukuta mwembamba kati ya vitu viwili, na ukuta ukitoboka methanoli inaingia mahali isipotarajiwa, pengine kwenye maji ya boila. Mvuke wake unawaka hata kwenye joto la nyuzi 11, na mwali wake ni vigumu kuuona mchana. Ni sumu ikinywewa, ikivutwa au ikipenya kwenye ngozi. Basi mkondo wenye methanoli ukiwekwa jirani na maji, panga shinikizo la upande wa maji liwe juu zaidi, ili kukitokea tundu maji ndiyo yaingie kwenye methanoli.